Sakafu ni dari ya mwenzako

Wadau, wiki hii naomba tutazame chini. Siyo kwa aibu, la hasha. Tutazame tunachokikanyaga.

Kuna swali ambalo vijana wenzangu hapa Dar wananiuliza kila mara, hasa wale wanaojenga kidogo kidogo kule Goba, Kigamboni na Kimara: "Hivi kaka, sakafu ya mbao inafaa kwa hali ya hewa ya kwetu, au ni mbwembwe za Ulaya tu?" Wameingia dukani, wameonyeshwa ubao unaong'aa kama mninga, wamepigiwa hesabu ya mita za mraba, na muuzaji amewahakikishia kuwa hiyo ni "mbao original".

Ningeweza kujibu kwa mistari miwili. Lakini swali hili lina historia, na sisi watu wa pwani tuna tabia ya kudhani kila kitu kizuri ndani ya nyumba kimeshuka na meli kutoka ng'ambo. Kwenye suala la mti na sakafu mambo ni kinyume. Kwa zaidi ya miaka elfu moja ni sisi tuliokuwa tukipakia melini.

Tuanze na neno lenyewe, sakafu. Asili yake ni Kiarabu, saqf, na maana yake huko ni paa au dari. Ajabu, siyo? Kitu kilichokuwa juu ya kichwa kwa Mwarabu kimekuwa chini ya miguu kwa Mswahili. Lakini ukiingia kwenye nyumba kongwe ya mawe ya Lamu au Unguja, ajabu inaisha. Paa la nyumba hizo lilikuwa bapa, limepigwa chokaa, unaweza kutembea juu yake. Mwenye nyumba akipata mali, mtoto akaoa, familia ikaongezeka, anapandisha kuta na kujenga chumba kingine juu. Paa la jana linakuwa sakafu ya leo. Ndiyo maana hata neno ghorofa linatokana na ghurfa, ambalo kwa Kiarabu ni chumba tu. Mimi naona lugha yetu ilielewa ujenzi vizuri kuliko wengi wetu: sakafu yako ni dari ya mwenzako anayelala chini.

Na ndani ya sakafu hiyo kulikuwa na mti. Fundi alipanga boriti za mikoko kutoka ukuta hadi ukuta, zimeachana kidogo. Juu ya boriti akalaza mawe bapa ya matumbawe, au fito na pau. Juu yake kifusi cha mawe madogo na chokaa, kisha chokaa laini ya kumalizia, ikapondwapondwa kwa vipande vya miti mpaka ikashikana na kuwa ngumu. Kazi hiyo ya kuponda ilifanywa na kundi la watu kwa pamoja, kwa mdundo na nyimbo. Aliyesimama juu aliona chokaa. Aliyelala chini, akitazama juu, aliona safu ya miti, mara nyingine imepakwa rangi. Kwa hiyo hii ilikuwa sakafu ya mbao ambayo mwenye kuikanyaga hakuiona.

Boriti si jina la mti, ni jina la kipimo. Wakata mikoko waliipanga miti yao kwa unene: fito ndizo nyembamba kabisa, kisha pau, kisha mazio, kisha boriti, kisha nguzo. Waliihesabu kwa korija, na korija moja ni miti 20. Yenyewe ilitoka kwa mikoko ya aina kadhaa, mkoko wenyewe, mkandaa, msinzi, na sifa yao kubwa ni kwamba mchwa hawawapendi. Mikoko ina tanini nyingi, ile dawa ya asili ambayo watu waliichemsha kutoka kwenye magome ili kulainishia ngozi. Katika nchi ambayo mchwa anakula mlango wakati umelala, mti kama huo ni hazina.

Lakini mkoko una mpaka wake. Boriti iliyonyooka na kuweza kubeba uzito wa mawe na chokaa haina urefu usio na mwisho. Matokeo yake, vyumba vya nyumba za mawe vikawa vyembamba, upana wa mita 2 na nusu hivi, mara chache kufika 3, ingawa urefu wake unaweza kuwa mkubwa tu. Wageni wengi wanaotembelea Lamu wanadhani vyumba virefu vyembamba ni mila au ni dini. Kuna mila ndani yake, sikatai, lakini kwanza kuna mti. Mkoko ulishika futi kamba na kumwambia tajiri wa Pate au Kilwa: mwisho wako hapa.

Je, ni ya lini habari hii? Wachimbaji wa mambo ya kale waliofanya kazi Shanga, katika kisiwa cha Pate, wakiongozwa na Mark Horton, walikuta kwamba misikiti ya mwanzo kabisa ya pale, ya karne ya 8, ilikuwa ya miti. Mawe yalikuja baadaye. Na katika karne ya 10 mwanajiografia al-Istakhri aliandika kuhusu Siraf, bandari tajiri ya Uajemi, kwamba nyumba zake za ghorofa zilijengwa kwa msaji na miti mingine iliyoletwa kutoka nchi ya Zanji. Nchi ya Zanji ndiyo sisi. Yaani wakati matajiri wa Ghuba walipopanda ngazi kwenda kulala ghorofani, kati yao na ardhi kulikuwa na mti wa Afrika Mashariki.

Biashara hiyo haikufa na Siraf. Iliendelea kwa karne nyingi, kwa pepo zilezile za kaskazi na kusi. Majahazi yalishuka na tende, chumvi na samaki mkavu, yakapanda na boriti. Nchi za Ghuba hazina misitu, na zina jua kali linalohitaji kuta nene na paa nzito. Huko boriti zetu ziliitwa chandal, na upana wa vyumba vya nyumba za zamani za Kuwait na Bahrain nao ulipimwa na urefu wa mti uliokatwa Rufiji au Lamu. Fikiria hilo: fundi wa Kuwait anachora chumba, lakini kipimo kimeamuliwa na mti uliokua kwenye tope la Salale.

Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alikuwa ndani ya jahazi la Kuwait lililoingia kwenye delta ya Rufiji kuchukua boriti. Alisimulia safari hiyo katika kitabu chake Sons of Sindbad, kilichotoka mwaka 1940. Anaeleza tope, mbu, joto, na mabaharia waliohangaika wiki kadhaa mpaka chombo kikajaa. Ukisoma unaelewa kwamba dari nzuri ya mtu mmoja ni mgongo wa mtu mwingine. Wakati huo delta ilikuwa tayari na historia ya kulindwa kwa karatasi: Wajerumani waliitangaza mikoko ya Rufiji kuwa hifadhi ya msitu mwaka 1898. Serikali ilitaka ushuru wake, mkataji alitaka riziki yake, na mvutano huo haujaisha hadi leo.

Kilichoua biashara ya boriti kwenda Ghuba hakikuwa huruma kwa mikoko. Ni mafuta. Pesa ya mafuta ilileta saruji, nondo na viyoyozi, na kuanzia miaka ya 1950 mahitaji yakaporomoka. Kenya ilipopiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982, Lamu ilipata pigo, lakini enzi kubwa ya majahazi ilikuwa imeshapita.

Hapa nyumbani nako chuma kilikuwa kimeshaingia, tena kwa mlango wa kifalme. Sultani Barghash alipojenga Beit al-Ajaib mwaka 1883 pale Forodhani, mafundi walichanganya mawe ya matumbawe, boriti, mabamba ya zege, mihimili ya chuma na nguzo za chuma. Kwa mara ya kwanza watu wa Unguja waliona kumbi pana na varanda kubwa ambazo mkoko peke yake usingeweza kuzibeba. Jina lenyewe, Jumba la Maajabu, siyo la bure.

Tarehe 25 Desemba 2020, jengo likiwa kwenye ukarabati, sehemu yake kubwa iliporomoka na watu wawili wakafariki. Siku ile picha zilizunguka kwenye simu zetu na watu wengi niliowasikia walilia historia, mnara wa saa, utalii, hadhi ya Mji Mkongwe ambao umekuwa Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Sawa, vyote hivyo vinaliza. Lakini tukumbuke kwamba Mji Mkongwe si makumbusho. Ni nyumba za watu. Kuna familia zinazolala humo, kila moja ikiwa na sakafu ambayo ni dari ya wengine.

Na adui mkubwa wa sakafu hizo anajulikana. Maji. Boriti iliyo kavu inaweza kukaa zaidi ya karne bila tatizo. Boriti inayolowana inaoza, na huanzia pale ambapo huwezi kuona: kwenye ncha yake iliyozama ndani ya ukuta. Paa likivuja, mfereji ukiziba, bafu la kisasa likiwekwa ghorofa ya pili kwenye nyumba ambayo haikutengenezwa kwa mabomba, maji yanatafuta njia. Halafu tunakuja na saruji. Ukuta wa chokaa unapumua, unyevu unaingia na kutoka. Ukiuziba kwa plasta ya saruji, unyevu unabaki ndani na ncha ya boriti inaloweka kama mkate kwenye chai. Chumba kinaonekana kipya, kimepakwa rangi, na vigae vinang'aa. Chini yake mti unakufa kimya kimya.

Msidhani haya ni ya Waswahili peke yao. Ufaransa, kwenye kasri la Versailles, sakafu za mawe ya marumaru zilikuwa zikioshwa kwa maji mengi, na maji yakapenya na kuozesha mihimili ya mbao iliyozibeba. Mwaka 1684 wakaanza kuondoa marumaru na kuweka vipande vya mbao vilivyounganishwa kwa ufundi wa seremala. Ndiyo ile parketi maarufu, ambayo mpaka leo muundo wake unaitwa kwa jina la Versailles. Yaani sakafu ya mbao inayosifiwa kuliko zote duniani inatokana na tatizo la mahali maji yalipokwenda, si urembo tu. Mfalme wa Ufaransa na bibi wa Malindi, Unguja, wana ugonjwa mmoja.

Parketi hiyo ndiyo iliyokuja kwetu na wakoloni, na hapa ndipo mbao ilipopanda kutoka chini ya chokaa na kuonekana. Nairobi bado utazikuta nyumba nyingi za zamani zenye vipande vya mvule au mti mwingine mgumu vilivyopangwa kama mgongo wa samaki na kubandikwa juu ya zege. Watoto waliokulia humo wanajua kazi ya Jumamosi: kupaka dawa ya kung'arisha, kisha kusugua mpaka uone sura yako. Huku kwetu zilikuwepo pia, ila kwa wachache. Wengi wetu tulikulia kwenye saruji iliyopigwa niru, nyekundu au ya kijivu. Kiwanda cha saruji cha Wazo kilianza uzalishaji mwaka 1966, na saruji ikawa alama ya maendeleo kiasi kwamba Mwalimu Nyerere, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha mwaka 1977, alilalamika kuwa Watanzania wamelewa bati na saruji na kudharau tofali la kuchoma. Hakuna aliyemsikiliza. Hata mimi nisingemsikiliza, nani anataka kufagia vumbi kila asubuhi?

Lakini wakati sisi tumeinama kusugua saruji, miti yetu ilikuwa na safari zake. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Kwa watu wa Lindi na Mtwara lilikuwa ukombozi. Kwa wafanyabiashara wa magogo lilikuwa mlango. Serikali ilipiga marufuku kusafirisha magogo nje mwaka 2004, lakini mwaka 2007 shirika la TRAFFIC lilitoa ripoti iliyotikisa: nchi ilikuwa inapoteza hadi dola milioni 58 kwa mwaka kwa mapato ya mbao yasiyokusanywa, na wilayani kilichokusanywa ni kama asilimia 4 tu ya kilichostahili. Rekodi za China zilionyesha kupokea mbao kutoka Tanzania mara 10 ya zile ambazo rekodi zetu zilisema tumeuza. Mara kumi, wadau! Huko magogo hugeuzwa samani, milango na sakafu, na nyingine huuzwa tena Ulaya na Marekani.

Ukitaka kuumia zaidi, soma majina kwenye orodha za wauza sakafu duniani. Kuna "muninga". Kuna "panga panga", ambayo sana sana hutoka Msumbiji. Wameuchukua mti na jina lake. Na mninga si mchicha. Miche yake porini hufa juu kila kiangazi kwa miaka mingi, huku mzizi ukijijenga chini, mpaka siku moja unapata nguvu ya kusimama. Kufikia unene wa kuvunwa unaweza kuchukua karibu karne nzima. Waliopasua magogo yale baada ya 2003 walivuna miti iliyoota kabla ya bibi zetu kuzaliwa.

Sasa turudi dukani, kwenye ile "mbao original". Kuna vitu vitatu vinavyouzwa kwa jina moja.

Cha kwanza ni mbao kamili, mti mtupu kutoka juu hadi chini. Ikichakaa unapiga msasa, unapaka vanishi, inaanza maisha mapya. Cha pili ni mbao ya matabaka: juu kuna tabaka la mti mzuri, chini kuna matabaka ya mti wa kawaida yaliyobandikwa kwa kupishana ili ubao usijikunje. Msweden Gustaf Kähr alipata hataza ya ubunifu wa namna hiyo mwaka 1941. Cha tatu ni lamineti. Hiyo ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, juu yake karatasi yenye picha ya mbao, na juu ya karatasi tabaka gumu la plastiki. Ilibuniwa na kampuni ya Perstorp ya Sweden mwaka 1977 na kuanza kuuzwa mwaka 1984. Ile ya kubana bila gundi, ambayo fundi anaimaliza sebule kwa siku moja, ilikuja mwaka 1996.

Lamineti si haramu. Ni nyepesi, haihitaji vanishi, na mwenye kipato cha kawaida anaimudu. Lakini ijue ilivyo: ni picha ya mti. Huwezi kuipiga msasa, maana utaifuta picha. Maji yakisimama kwenye maungio yake, unga wa ndani unavimba na haurudi.

Jibu la swali la mwanzo basi ni hili. Ndiyo, mbao inafaa Dar, imefaa pwani hii kwa zaidi ya miaka elfu. Sharti ni yaleyale ambayo boriti zilitufundisha. Kwanza, mbao iwe imekauka vizuri kabla ya kuwekwa, na ikae siku kadhaa ndani ya nyumba yenyewe izoee hewa yake. Mbao hunywa unyevu ikatanuka, hutoa unyevu ikasinyaa. Mninga unasifiwa na maseremala kwa sababu hautikisiki sana, lakini hata huo usiubane ukutani, uachie nafasi ndogo pembeni uifunike kwa kibao. Pili, zege la chini likauke kabisa na liwe na nailoni ya kuzuia unyevu wa ardhini. Tatu, piga dawa ya mchwa kabla, siyo baada. Nne, jikoni na bafuni weka vigae tu, usishindane na maji.

Na la tano, ambalo ndilo lililonifanya niandike: uliza. Mti huu ni gani, umetoka msitu gani, kibali kiko wapi? Msaji wa kupandwa tunao. Wajerumani walianza kuupanda mwaka 1898, na leo kuna mashamba makubwa Longuza, Mtibwa na Kilombero. Ni mti mzuri wa sakafu na unarudishwa ukivunwa. Muuzaji anayejua bidhaa yake atakujibu. Anayekwambia "mbao ni mbao tu" anakuuzia kitu kimoja kati ya viwili: karatasi, au gogo la wizi.

Wenye nyumba za ghorofa za zamani, iwe Mji Mkongwe, Mombasa, Lamu au Bagamoyo, nina ombi jingine. Kabla ya kununua vigae vya kupendeza juu, shukeni chumba cha chini, washeni tochi, mtazame ncha za boriti pale zinapoingia ukutani. Kama kuna doa la maji, fedha ya vigae ipelekeni kwa fundi wa paa. Kuna mtu analala hapo chini.

Haya, na wewe unakanyaga nini nyumbani kwako? Nyumba ya babu ilikuwa na niru, parketi au boriti? Niandikie.